Gurudumu la Upepo

Kisa hiki ni kweli tupu. Mzee Porojo ameapa mbele ya mkewe na majirani: likipatikana humu tone moja la uongo, ataosha vyombo vya nyumba nzima kwa juma zima.

Mzee alitengeneza baiskeli miaka arobaini. Sasa amestaafu, ulimi tu ndio haujastaafu. Mwanawe mmoja, mtu mzima, waliyemwita Upepo kwa jinsi alivyokuwa akipaa na baiskeli utotoni, aliugua ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia. Alisikia sauti za watu wasiokuwepo. Dawa zikazinyamazisha. Lakini Upepo akabaki kitandani, uso ukutani, asubuhi hadi jioni. Haogi. Hasemi.

"Amka, mvivu wewe! Kitanda kitaota mizizi!" mzee alifoka kila siku.

Mama Upepo alimletea chakula, akamfulia, akamchana nywele. Upepo akazidi kudidimia. Mzee alifoka kwa sababu aliogopa. Aliona mwanawe anazimika kama taa iliyoishiwa mafuta.

Siku moja akaja muuguzi wa afya ya akili.

"Mzee wangu, huu si uvivu," alisema. "Ugonjwa huu huleta sauti, lakini pia hunyang'anya ari. Dawa aendelee nazo. Ari tutaitafuta pamoja naye, kidogo kidogo."

Akaketi karibu na kitanda. "Upepo, zamani ulipenda kufanya nini?"

Mzee akafungua kinywa amjibie. Mama akamkanyaga mguu.

"Kunyoosha gurudumu," Upepo alisema hatimaye.

"Basi leo tukaze spoki moja tu. Kwanza kisia. Ugumu wake ni ngapi kwa kumi?"

"Tisa."

"Na utafurahi kiasi gani?"

"Sifuri."

Ikamchukua nusu saa kutoka kitandani. Akakaza waya mmoja wa gurudumu kuukuu, akaugusa kwa kidole, ukalia.

"Sasa sema. Ugumu?"

"Nne."

"Furaha?"

Upepo akafikiri. "Mbili."

Muuguzi akaandika kwenye kipande cha boksi. "Unaona? Akili ilikuambia sifuri. Mikono inasema mbili. Kesho tuiulize tena mikono." Kisha akamgeukia mzee. "Usimfokee, wala usimfanyie anachoweza. Msifu kwa alichofanya, si kwa unachotaka afanye."

Mzee akaitikia. Lakini sikio la mzee na ulimi wake ni mahasimu. Kesho yake alitangaza mtaa mzima: "Mwanangu amepona! Anafungua karakana!" Jioni baiskeli saba zililala mlangoni. Upepo akazitazama, akarudi ukutani. Siku nne hakuinuka.

"Umemtwisha gunia kabla hajasimama," mkewe alimwambia. Mzee alirudisha baiskeli zote, moja moja. Kisha akaketi sakafuni kando ya kitanda.

"Nimekosa, mwanangu. Spoki moja yatosha. Na hata leo isipowezekana, mimi nipo."

Siku ya tano Upepo akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo wa spoki."

Muuguzi alikuja kila wiki. Boksi likajaa namba. Spoki mbili, kisha tano. Kuoga kwanza, kisha chai uani na wazazi. Upepo alianza kukisia mwenyewe.

Miezi mitatu ikapita. Mzee akawasimulia majirani uani kisa hiki, kwa kiapo kile kile.

"Sasa anaamka kabla ya jogoo! Ametengeneza baiskeli kumi na mbili, na moja imelipita basi mlimani!"

Sauti ikatoka dirishani, taratibu. "Baba, ni gurudumu moja. Na siku nyingine siamki."

Majirani wakageukia dirisha. Tangu augue, Upepo hakuwa amesema neno mbele ya majirani.

"Vyombo viko kwenye beseni, Baba Upepo," mkewe alisema, akijifuta macho.

Mzee akakunja mikono ya shati. Upepo akatoka, kipande cha boksi mkononi.

"Kisia, baba. Ugumu?"

"Kumi!"

"Tutaona," alisema Upepo, akachukua kitambaa cha kukaushia. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.