Mlango Uliosingiziwa

Jumamosi ile Ernesta alikuwa barazani anachambua maharage, upepo wa Same unamrushia vumbi kama kawaida yake, fundi Abdulmajid akaingia na ngazi begani. Alikuja kuangalia mlango wa gereji.

Ni ule mlango wa kupanda juu kwa mota, ukibonyeza rimoti. Loth, mumewe Ernesta, aliufunga mwaka juzi. Sasa ulikuwa na kesi. Siku mama yake Loth, Bibi Eliaichi, alipobanwa kifua, nyumbani alikuwepo Ernesta peke yake. Na kule kwao milimani, kwenye mazishi yake, desturi yetu ndiyo hiyo: aliyekuwa na marehemu husimama mbele ya watu akaeleza mwisho ulivyokuwa. Ernesta akasimama. Akasema, "Mlango wa gereji uligoma. Gari halikuweza kutoka." Watu wakalia naye. Wazee wakamwagiza Loth: kabla ya arobaini, kitu hicho kitengenezwe au king'olewe.

"Ng'oeni tu," Ernesta akasema. "Tuweke mpya."

Abdulmajid akacheka kule juu ya ngazi. "Mama Jesca, mota hii ina afya kunishinda mimi mwenye presha. Unatupa kitu kizima?"

Loth akamgeukia mkewe. "Kizima? Si uligoma?"

"Siku ile uligoma," akajibu, macho kwenye maharage.

Uongo mtupu. Rimoti alikuwa nayo mfukoni siku ile. Kikongwe alikuwa amemsumbua wiki nzima, leo mgongo, kesho tumbo, na Ernesta alikuwa amechoka. Akamwacha amesimama mbele ya gereji na kanga yake begani, akamwambia mlango mbovu, mama, tumsubiri Loth. Akaenda kujilaza. Ilikuwa saa nane mchana. Alipoamka, mwili wa bibi ulikuwa umeshapoa.

Basi, kwa agizo la wazee, ikaamuliwa mpya. Abdulmajid akakata nyaya, akaishusha mota, akailaza sakafuni ndani kando ya gari, akapiga komeo. Yeye na Loth wakaenda madukani kwa miguu.

Ernesta akabaki peke yake uani.

Saa nane ikafika. Upepo ukatulia. Hata kuku wakanyamaza.

Ndani ya gereji, mota ikanguruma.

Pale sakafuni. Bila waya.

Komeo likajichomoa. Mlango ukaanza kupanda. Taratibu. Ndani hamna mtu. Ernesta akarudi nyuma hatua moja. Kisha karibu na sikio lake, kwa pumzi fupi fupi za mtu aliyebanwa kifua:

"Mwanangu... mbona unafunguka?"

Loth alimkuta amepiga magoti kwenye saruji.

"Nani kafungua?"

"Baba Jesca, haukugoma," akanong'ona. "Siku ile. Haukugoma. Sikutaka tu kumpeleka."

Loth hakumpiga. Hakumtukana, afadhali angemtukana. Aliingia gereji, akafungua mlango wa gari.

Kiti cha mbele, upande wa abiria, mkanda ulikuwa umefungwa. Sponji imebonyea, mbonyeo mdogo wa mtu mwepesi. Gari zima lilikuwa la moto kama kikaango. Kile kiti kilikuwa baridi, baridi ya mlima Shengena mwezi wa saba.

Kitufe cha mkanda kilikataa, ikabidi waukate kwa kisu. Sponji mpaka leo haijainuka.