Kiti cha Kulia

Haya yalimpata Zenobia, mjane wa Ponciano, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu kule El Alto, mji wa milimani. Yalianza Jumapili asubuhi, jua likiwaka na baridi ikiuma. Zenobia alimfunga binti yake Wara shali shingoni, wakanywa uji moto wa mahindi ya zambarau pale kona, kisha wakaenda gulioni kununua gari.

Wara alikuwa na miaka sita na maneno mengi. Zenobia alikuwa na machache. Ponciano alikuwa amefariki mwaka mmoja uliopita, na tangu siku ya mazishi mkewe hakulia. Si kwamba alijizuia. Aliketi mbele ya cherehani akashona sketi za mapindo, akamenya viazi, akamsuka mtoto nywele, na ndani yake hakukuwa na kitu, si huzuni wala hasira. Alipojitazama kwenye kioo aliona macho ya mtu aliyetoka nyumbani na kuacha mlango wazi.

Kilichobaki cha Ponciano ni wazimu wa magari makuukuu. Alikuwa akinunua gari ambalo mwenzake amelichoka, analiendesha mwaka mmoja, analiuza, ananunua jingine. Gari jipya, alisema, linakufanya mtumwa. Kuukuu unaliegesha popote, ukilikwaruza unacheka. Alimfundisha mkewe kuendesha, na alimfundisha kuchagua. Piga mlango kwa ngumi usikie kama ni bati au puti ya kuzibia kutu. Fungua kifuniko cha oili, unuse. Inua zulia la miguuni, tazama kutu. Na usikubali kamwe kusikiliza injini ambayo mwenyewe ameshaipasha moto. Mwishowe Zenobia alikuwa na sikio zuri kuliko yeye.

Siku hiyo alikwenda na Liborio, rafiki wa marehemu, fundi makenika na baba wa ubatizo wa Wara. Walipita safu baada ya safu, wakigonga milango na kulala chini ya chasi, mpaka wakafika kwenye Toyota nyeupe ya mgongo mrefu, yenye mlango mmoja wa rangi ya maziwa yaliyochacha.

Muuzaji alisema gari lilikuwa la mwalimu mmoja mzee, la kwendea kanisani na kurudi.

"Basi kanisa lake liko Argentina," Liborio alisema, akitazama tairi zilizolika.

Zenobia alihisi kicheko kikimpita tumboni. Kilikuwa cha kwanza kwa mwaka mzima. Akawasha injini ikiwa baridi. Ilikohoa mara mbili, ikashika, ikatulia na kunguruma taratibu. Bei ilikuwa chini ya bei ya cherehani mbili. Akailipa papo hapo, asije akapoa.

Kama mengi ya mtaani, gari lile lilizaliwa na usukani upande wa kulia, katika nchi ambako magari hupita kushoto. Liliposhushwa bandarini, mafundi waliuhamishia usukani kushoto, maana kwetu tunapita kulia. Mbele ya kiti cha abiria lilibaki tundu la duara kwenye dashibodi, limezibwa kwa kifuniko cha plastiki na skrubu nne. Chini, mahali pa pedali za zamani, zulia lilikuwa limelika na kuacha mabonde mawili ya visigino.

Wara alipanda kiti cha kulia, akavuta mwili mbele, akaweka viatu vyake ndani ya mabonde yale. Viatu vilikuwa vidogo mno. Akasema pana joto.

Jioni ile walilinywesha gari. Kwetu gari halipelekwi mbali kabla halijanyweshwa, liwe jipya au limechoka. Tulilipamba kwa maua na utepe wa karatasi, kisha Liborio akamimina bia ya baraka. Ardhi kwanza. Halafu tairi nne, halafu injini, na mwisho miguuni pa atakayeendesha, jina lake likitajwa. Hatumimini zaidi ya hapo, kwa sababu unayemmiminia umemwalika, na aliyealikwa huja.

Liborio alikuwa amekunywa, na alikuwa na furaha ya kumwona Zenobia akitabasamu. Akazunguka upande wa kulia na chupa yake ya bia.

"Na huyu wa huku je?" akasema. Akamwaga bia juu ya kile kifuniko cha plastiki. "Bwana mwenye usukani wa zamani, kunywa nawe usinune. Karibu tuendeshe pamoja."

Tulicheka sote. Zenobia naye alicheka. Baadaye alichukua kitambaa akainama kufuta bia iliyotiririka. Dashibodi ilikuwa kavu. Zulia lilikuwa kavu.

Zikafuata wiki nzuri. Zenobia alijikuta akimaliza kushona mapema ili aendeshe tu. Alizipenda kasoro za gari moja moja: mlango unaofunguka kwa nje tu, hita isiyozimika, honi inayolia ukikata kona kali. Walikwenda mji wa Viacha bila shughuli yoyote, wakala maandazi ya jibini kando ya reli, wakarudi. Siku moja alijisikia akiimba. Akanyamaza, akaimba tena. Wara kiti cha kulia alikuwa akiongea njia nzima, akiuliza maswali, na mara nyingine akinyamaza kidogo kabla ya kuendelea, kama wafanyavyo watu wanaojibiwa.

Kulikuwa na vitu vidogo. Kila asubuhi kiti cha kulia kilikutwa kimesogezwa nyuma kabisa, nafasi ya mtu mwenye miguu mirefu. Kioo cha pembeni cha upande ule kilikuwa kimegeuzwa. Na gari lilivuta kushoto. Si sana, lakini Zenobia akilegeza mkono tu lilianza kuelekea upande wa wanaokuja.

Liborio alipima alaimenti ya magurudumu mara mbili. Akampigia simu.

"Shemeji, gari limenyooka kama uzi. Mkono wako ndio unaokwenda kushoto."

"Mkono wangu mzima."

"Basi liache. Magari mazee yana tabia zao. Hata mimi ninazo, hunifukuzi."

Akaliacha.

Jumapili moja ya Januari waliondoka kwenda kijijini Curahuara kumsalimia mama mkwe, Mama Eduvigis. Barabara ya huko ndiyo hiyo ya malori yatokayo bandarini, njia moja kwenda na moja kurudi, hakuna ukuta katikati. Ilikuwa saa nane mchana. Milima ilionekana yote. Wara alikuwa akihesabu llama malishoni.

Kisha mvua ya mawe ikaanguka. Kwa muda mfupi tu, lakini iliifunika lami yote ikawa nyeupe. Mstari wa katikati ukapotea. Zenobia akapunguza mwendo, akakaza mikono.

Wara aliacha kuhesabu.

Gari likaanza kwenda kushoto. Polepole, bila kuteleza. Zenobia akavuta usukani kulia. Usukani ukazunguka, laini, mwepesi. Gari halikufuata.

Mbele, taa za lori.

Akamtazama mtoto. Wara alikuwa ameketi wima. Mikono yake miwili ilikuwa hewani mbele ya kile kifuniko, imekunjwa, imeshika duara lisiloonekana. Ilikuwa inazunguka polepole, kushoto.

"Mama," Wara alinong'ona. "Anasema achia."

Na hapa ndipo Zenobia alipokuja kujilaumu maisha yake yote. Hakupiga kelele. Hakumnyakua mtoto. Aliziona taa zile zikikua, na moyo wake haukubadili mapigo. Alifikiri kwamba mambo yangekuwa mepesi. Akaachia.

Lori liliwakwepa kwa upande wa kulia. Lilipita karibu na dirisha la Wara, ukuta wa chuma, muda mrefu, honi ikilia. Kioo kilitetemeka. Kisha barabara ikawa tupu na mawe ya barafu yakaendelea kudunda juu ya boneti.

Gari lilisimama lenyewe, upande wa kushoto, limepangwa vizuri kabisa kando ya barabara.

"Wara."

Mtoto aliishusha mikono, akaiweka mapajani. Hakulia. Akageuka akamtazama mama yake kwa adabu, kama mtu aliyepewa lifti.

Mama Eduvigis alimpokea mjukuu mlangoni, akamshika kidevu, akamtazama sana. Akauliza kilichotokea. Zenobia alieleza yote, hata bia ya Liborio. Mama mkwe akaketi.

Alisema wamemwalika mtu wasiyemjua jina, na mgeni wa namna hiyo ni lazima aagwe. Akatoka na spiriti, akamimina juu ya kifuniko, akamshukuru aliyekuwa pale, akamwomba aende kwao. Kisha akarudi ndani, akasema hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni mtoto. Roho ya mtoto hutoka akishtuka, hubaki palepale iliposhtukia, na yake imebaki kitini.

"Chukua sweta yake," alimwambia Zenobia. "Fungua mlango wa kulia, mwite kwa jina, umbebe kwenye sweta mpaka kitandani, umfunike. Jioni tatu. Umwite kwa sauti ya kumtaka. Na gari usilitoe mkononi kabla ya jioni ya tatu, mwanangu. Unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Ulihisi nini lori lilipopita?"

Zenobia alifikiri. "Sikuhisi kitu."

Mama mkwe akamvuta mjukuu kifuani.

Jumanne walirudi El Alto. Wara alikaa nyuma. Gari lilikwenda limenyooka njia nzima, halikuvuta kushoto hata kidogo. Zenobia alishukuru kwamba mgeni ameondoka. Kwenye kioo cha ndani alimwona Wara amekaa katikati ya kiti, amenyamaza, macho barabarani, na kila wanapokaribia kona mguu wake wa kulia ulikandamiza sakafu.

Jioni ya kwanza Zenobia alifungua mlango, akanyoosha sweta nyekundu juu ya kiti, akaita. "Wara. Njoo. Twende nyumbani." Sauti yake ilitoka kama anapomwita mteja aje achukue sketi. Alingoja ahisi kitu. Hakuhisi. Akabeba sweta ndani, akamfunika nayo mtoto, na mtoto akasema asante.

Jioni ya pili hakutoka. Alikaa mbele ya cherehani, akalitazama gari kupitia dirishani. Alijiambia hakuna kitu kule, ni mambo ya bibi wa kijijini, na kwamba kinachomtisha ni gari lenyewe. Kama amelichoka, aliuze, kama Ponciano alivyofanya siku zote. Alhamisi asubuhi, kabla ya jioni ya tatu, alilipeleka gulioni. Kijana mmoja mwenye kofia ya manyoya alisikiliza injini ikiwa baridi, akatabasamu kwa furaha ambayo Zenobia aliijua, akaondoka nalo.

Mwezi ukapita kabla Liborio hajaja. Alisimama mlangoni, hakuingia. Alisema yule kijana alipita gerejini kwake kutengeneza hita. Gari zuri, analipenda, halina shida. Ila kuna kitu kidogo anachouliza. Kila asubuhi kioo cha dirisha la kulia kina alama za viganja, kwa ndani. Anafuta, zinarudi.

"Viganja vikubwa?" Zenobia aliuliza.

Liborio alitazama chini. "Hapana, shemeji. Vidogo."

Zenobia aliinuka, akaenda chumbani. Wara alikuwa ameketi kitandani, miguu pamoja. Akakumbuka kwamba mtoto huyu hajauliza swali hata moja tangu Curahuara. Akakumbuka jinsi anavyovuka barabara. Kwetu magari ya upande wako hutokea kushoto, na Wara alifundishwa kutazama kushoto kwanza tangu anaanza kutembea. Sasa anatazama kulia. Kila mara. Akaukumbuka mguu ule uliokandamiza sakafu njia nzima, na spiriti ambayo bibi aliimwaga mbele ya kiti ambacho mgeni alikuwa ameshakiacha.

Ndipo Zenobia alipolia. Alilia mpaka sisi majirani tukatoka nje. Lakini alipomfuata kijana mwenye kofia, alikuwa ameshaliuza gari, na aliyelinunua hakuacha jina.

Tangu hapo, kila Alhamisi na kila Jumapili, Zenobia yuko gulioni. Wauzaji wamemzoea. Hapigi bati wala hanusi oili. Anakwenda kwenye kila gari jeupe la mgongo mrefu, anafungua mlango wa kulia, anatandika sweta nyekundu kitini na kuita. Sasa anaita kwa sauti ambayo watu wakiisikia wanaacha kuzungumza.

Nilikuwa naye Jumapili moja, tukirudi. Tulisimama kandokando ya barabara kuvuka, Wara katikati yetu. Toyota nyeupe ilipita, mlango mmoja una rangi ya maziwa yaliyochacha. Mwanaume asiyejulikana alikuwa akiendesha, akipiga mluzi. Kiti cha kulia kilikuwa kitupu, kimevutwa mbele kabisa, na mkanda wake ulikuwa umefungwa.

Zenobia alikimbia nyuma yake akiita, sweta mkononi, mpaka gari likakata kona na honi ikalia.

Nikamtazama mtoto. Hakumfuata mama yake wala gari. Alikuwa ametulia, uso umegeuzwa kulia, akingoja barabara iwe tupu.