Shimo la Chumvi na Mkaa

Jirani yetu Sabiri, wa hapa Cheyo, Tabora, ni fundi umeme mwenye leseni, na ukitaka kumuudhi mwambie kwamba jengo linaweza kukaa bila athi. Atakukalisha kwenye kigoda akufundishe mpaka chai ipoe. Athi, atakwambia, ni ule waya wa kijani na njano unaoshuka ardhini. Umeme ukitoroka ukaingia kwenye bomba au mlango wa chuma, hupita humo ukafia udongoni, badala ya kupita kifuani kwa mtu. Mafundi wengi huuruka kwa sababu hauwashi taa. Sabiri haruki. Na kwa jengo la biashara kanuni inadai zaidi: kila chuma ambacho mtu anaweza kukishika, mabomba, reli za ngazi, vyuma vya madirisha, vyote vifungwe pamoja kwenye athi hiyohiyo. Yeye alivifunga vyote. Kwa hiyo asije mtu akasema yaliyomkuta yalitokana na uvivu.

Jengo lenyewe ni la mzee Mabruki, liko upande wa barabara ya Kwihara, pale ilipopita njia ya zamani ya misafara. Maduka manne chini, ofisi juu. Duka moja lilikuwa la Maua, mke wa Sabiri, ambaye ni fundi cherehani. Maua alifiwa na mama yake mwezi wa tano, na tangu siku hiyo alikuwa analia. Alilia akipika, alilia akipima wateja viuno, machozi yakadondokea vitambaa vya watu. Sabiri alimpenda sana mkewe na ilimuuma kumwona hivyo. Alijiambia kwamba duka jipya litamwinua.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane, siku mbili kabla ya mkaguzi kuja, alipima athi ya jengo. Udongo ulikuwa mkavu kabisa na mita ikatoa namba kubwa mara sita ya ile anayoikubali mkaguzi. Hilo halikumtisha. Kiangazi mafundi wanajua la kufanya: unachimba shimo refu, unapanga mkaa na chumvi kwa matabaka, unamwaga maji, unapigilia nondo ya shaba katikati. Chumvi na mkaa hushika unyevu, umeme ukapata njia. Akaenda kuchimba kwenye kona ya nyuma, na wapita njia wakamtania kama kawaida yao.

"Fundi, leo unamroga nani?"

"Nakuroga wewe unayenisimamia," akajibu, nao wakacheka wakapita.

Alipofika kina cha kimo cha mtu, jembe likatoa udongo mweusi. Mkaa. Chini ya mkaa, chumvi. Chini ya chumvi, mkaa tena. Matabaka yamepangwa vizuri, yameshindiliwa mpaka yamekuwa magumu.

Mtu mwingine yeyote wa Tabora angetoka humo mbio na viatu akaviacha. Sabiri alifurahi. Alidhani kuna fundi mwenzake aliyemtangulia akamrahisishia kazi. Hakujiuliza ni fundi gani huyo, kwenye kiwanja ambacho hakijawahi kuwa na jengo. Akapigilia nondo yake katikati ya matabaka. Ilishuka kwa shida, nyundo baada ya nyundo. Kisha akaweka nyundo chini apumzike, na nondo ikaendelea kushuka yenyewe, kiasi cha upana wa kiganja.

Akapima. Sifuri.

Hakuna udongo duniani unaotoa sifuri. Akabadilisha betri za mita, akapima tena, sifuri. Kwenye fomu aliandika mbili, maana aliona mkaguzi akikuta sifuri atamcheka. Jumatatu jengo likapita, na Jumatano Maua akahamia na cherehani yake.

Siku hiyo hakulia. Wala kesho yake. Sabiri alisujudu kwa shukrani. Nyumbani kukawa kimya, chakula kikaiva kwa wakati, na ilimchukua kama wiki mbili kugundua kwamba mkewe hacheki pia. Hakasiriki. Ukimwita anageuka, ukinyamaza anarudi alikokuwa anaangalia.

Maduka mengine nayo yalianza kupoa. Muuza dawa wa duka la pili aliangusha sanduku kwenye mguu wake, kucha ikang'oka, akaenda kumhudumia mteja akiacha damu sakafuni. Akina mama waliokuwa wakipiga soga kwenye ngazi, mikono juu ya reli, sasa walikaa palepale bila neno.

Jioni moja Sabiri alimpitia Maua dukani. Binti yao Anifa, wa miaka sita, alikuwa amesimama mlangoni, mgongo ukutani.

"Baba," akanong'ona, "mkono wa mama unanukia nyama."

Maua alikuwa amekaa mezani. Mkono wa kushoto ameulaza juu ya kitambaa. Pasi ya umeme iko juu ya mkono. Inawaka.

Sabiri aliirusha pasi ukutani. Ngozi ya mkono iliondoka nayo. Maua aliutazama mkono, kisha akamtazama yeye.

"Kumbe," akasema.

Hospitali walimfunga bandeji. Njiani kurudi Sabiri alimwuliza kama anamkumbuka mama yake. Maua alifikiri. Akasema ndiyo, alikuwepo mtu wa namna hiyo.

Sabiri aliogopa usiku mzima, na asubuhi akaogopa zaidi. Alikwenda kwenye jengo akazima meni swichi, akaifunga kwa kufuli. Hakuna umeme, jengo zima. Akabana mita yake kwenye waya wa athi unaoshuka kwenye shimo. Mita ikaonyesha namba. Kuna kitu kilikuwa kinapita kwenye waya ule, kikitoka kwenye reli na mabomba na vyuma vya madirisha, kikishuka. Muuza dawa alikuwa ameegemea mlango wake wa chuma. Alipouachia, namba ikapungua.

Akamfuata mzee Mabruki, akamweleza habari za matabaka. Mzee alifunga mlango kwanza.

"Babu yangu alisema kona ile tusiichimbe," akasema kwa sauti ya chini. "Ndipo misafara ilipowaacha wapagazi wake walioshindwa kutembea. Walikufa pale bila mtu wa kuwalilia. Waliofuata nyuma wakasikia vitu, wakawafunika kwa chumvi na mkaa."

"Heshima yako naitunza, mzee, lakini ulishindwa nini kuniambia?"

"Nilidhani huchimbi ndani kiasi hicho."

Kuukata waya lilikuwa jambo la dakika moja. Lakini jengo bila athi ni mtego, na siku hitilafu itakapotokea atakufa mtu, pengine Maua mwenyewe. Sabiri hakuweza kufanya hivyo. Alichimba shimo jipya upande wa mbele, akapanga chumvi yake na mkaa wake mwenyewe, akapima, akapata namba ya kawaida ya kibinadamu, akaunganisha. Ikabaki kuing'oa nondo ya zamani. Akangoja Jumapili asubuhi, maduka yamefungwa. Alimwacha Anifa kwetu. Maua alikataa kutoka dukani. Alikaa dirishani, ameshika vyuma.

Sabiri alilegeza kibanio, waya ukaachia. Akavua glavu apate kuishika nondo vizuri, akaivuta. Haikuja. Akaivuta tena.

Nondo ikavutwa kutoka chini.

Akaishika kwa mikono miwili. Ikavutwa. Akakita magoti kwenye ukingo wa shimo. Akaanza kulia. Hakujua analilia nini. Alilia kwa ajili ya watu asiowajua hata kwa majina, mmoja baada ya mwingine, mdomo wazi, mate yanamtoka, na kila aliyemlilia alikuwa na mwingine nyuma yake. Aliwaza kuachia. Akamwaza Maua. Hakuachia.

Kisha kule chini kukaachia. Alianguka chali, nondo mikononi.

Wakati huohuo akasikia ukelele dukani. Maua alikuwa anapiga mayowe, ameukumbatia mkono ulioungua siku tatu zilizopita, anamwita mama yake. Majirani waliokimbilia pale wanasema hawajawahi kusikia kilio cha namna ile. Muuza dawa naye, nyumbani kwake, alikuwa anaruka kwa mguu mmoja.

Sabiri alikaa chini akisikiliza. Alijua ule ni ukelele aliokuwa akiuomba. Alijua anapaswa kuinuka akimbie kwa mkewe. Alikagua nondo kwanza. Shaba yote ilikuwa imefanya weusi, ila sehemu ambazo zilikuwa zinang'aa, kila moja pana kama kiganja, moja juu ya nyingine, kutoka ncha ya chini mpaka pale alipokuwa ameshika yeye.

Maua amepona ile ganzi. Mkono bado una bandeji, machozi yanamtoka kwa siku zake, juzi nimemsikia akicheka na Anifa. Ni Sabiri ambaye sasa huwekewa chakula akakumbushwa kutafuna. Daktari alimchoma sindano vidoleni, naye Sabiri akaitazama tu inavyoingia. Anifa akimkumbatia, husubiri kidogo, kisha huinua mkono na kuuweka mgongoni kwa mtoto, kwa kuwa anakumbuka ndivyo baba anavyofanya.

Kesho yake, Jumatatu, baada ya nondo kung'olewa, Maua alimkuta na alama kwenye kifundo cha mkono wa kulia: vidole vinne na gumba, rangi ya kijani ya shaba iliyokaa udongoni, kiganja chembamba kuliko cha mtu yeyote wa nyumba ile. Haikutoka kwa sabuni. Jumanne ziliamka mbili, ya pili juu ya ya kwanza. Jumatano tatu. Kila asubuhi Maua humvua shati akahesabu, naye hukaa ametulia, huuliza tu kama chai iko tayari.

Jana zilikuwa zimefika begani. Leo alfajiri Maua alibisha mlangoni kwangu. Aliinua mkono wake wenye bandeji, akaishika shingo yake mwenyewe, kunionyesha alama ya leo ilipo.