Fomu ya Chumba cha Sita

Shangazi yangu alikuwa nesi katika wodi ya vijana wenye maradhi ya akili. Asubuhi ile alifika kazini kama kawaida, akachemsha chai, akavuta fomu.

Kazi yenyewe si ngumu. Kila robo saa unakwenda kwenye mlango wa kila chumba, unachungulia kwenye kidirisha cha kioo, unaandika ulichokiona: yuko macho, ametulia, anakula. Shangazi alizijaza fomu za kutwa nzima kabla chai haijapoa. Wenzake wote walifanya vivyo hivyo. Wakubwa wakija kukagua, walisoma makaratasi, wakasifu sakafu inavyong'aa, wakaenda zao. Kama watoto wale walikuwa na pua au hawana, hakuna aliyejua. Na wote hao ni watu wa sala, pamoja na shangazi.

Binti wa chumba cha sita, miaka kumi na sita, aligonga kioo.

"Nesi, leo unitazame kweli," alinong'ona. "Najiogopa."

"Si ninakutazama kila siku, mwanangu?"

"Unaniandika tu. Hunitazami."

Shangazi alicheka, akamtania kwamba anabishana kama wakili, akarudi kwenye chai yake.

Saa nane mchana mfagiaji alimkuta binti amekufa. Daktari alisema ni tangu saa tatu asubuhi. Fomu ilisema saa saba na nusu amemaliza chakula, anatabasamu. Kamati ikakaa. Kwa kuwa maiti na fomu havikupatana, kamati ikaiamini fomu, ikaandika kwamba marehemu alipata uangalizi wa hali ya juu. Shangazi alishika kitabu kitakatifu, akaapa kwamba aliliona tabasamu lile.

Wiki ya pili aliamka nyumbani kwake akakuta fomu mezani. Ya wodini. Chumba cha sita. Penye jina la mgonjwa pameandikwa jina lake.

"Saa moja: anavaa viatu. Saa moja na robo: anamwaga chai."

Kikombe mkononi mwake kilikuwa bado kimejaa. Alipomaliza kusoma, kikamponyoka.

Aliichana. Kesho yake ikaja nyingine. Alifunga mlango kwa komeo. Akaziba tundu la ufunguo kwa pamba. Kila robo saa, nyuma ya mlango, mtu alivuta pumzi. Akaondoka. Akarudi.

Asubuhi moja alinipigia simu, sauti ya chini.

"Mwanangu, njoo unitazame. Mistari ya leo imeishia saa tano."

Nikamwambia nakuja, nina shughuli kidogo. Mungu anajua sikuwa na shughuli yoyote. Nilikuwa nimejinyoosha kwenye kochi, nikisema moyoni kwamba wazee wanapenda kudekezwa.

Nilipofika, komeo lilikuwa limefunguliwa. Shangazi alikuwa ameketi kitandani, macho mlangoni. Nilimgusa. Alikuwa wa baridi.

Fomu ilikuwa mezani. "Saa tano: anaomba." Chini yake mistari mitupu. Mmoja. Wa pili. Wa tatu.

Kisha, kwa mwandiko wa kitoto: "Saa sita kamili: mtoto wa kaka yake anasoma fomu. Amechelewa."

Nilipitisha kidole juu ya wino. Ulikuwa mkavu.

Nikatazama saa ya ukutani. Zilikuwa bado dakika mbili.