Namba Zilizopimwa Kitandani

Kwa maneno ya Mama Dirisha, mambo yalikuwa hivi. Siku ya Jumatano, jua halijachomoza, alikuwa amesimama dirishani pake kama ilivyo ada yake, maana jina lile hakulipata bure. Ukungu ulikuwa umetanda mtaa mzima, ukungu mzito hata vidole vyake mwenyewe hakuviona. Na katika ukungu huo huo, kwa macho yake mawili, alimwona jirani yake, mtia rangi vitambaa, akiyamwaga maji ya buluu mferejini. Mfereji ukayapeleka baharini. Jua lilipopanda, samaki walikuwa wanaelea ufukweni matumbo juu, wakubwa kwa wadogo.

"Sasa niambieni," alimalizia kila aliposimulia, "aliyewaua ni nani? Ni mimi?"

Kufikia saa nne habari ilikuwa imeuzunguka mtaa na kurudi imenenepa. Ndoo moja ilikuwa imezaa tano.

Mtia rangi huyo alikuwa mama yake Nili. Nili alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya vidole vyake. Kila jioni alimsaidia mama yake kukamua vitambaa bandani, na nili, rangi ile ya buluu, ilikuwa imemwingia mpaka kwenye kucha.

Jioni ya Jumatano alipofika bombani, foleni yote ilisogea nyuma. Kisha msichana mmoja akaivuta ndoo yake mwenyewe mbali naye.

"Usiguse koki. Utatuua kama samaki."

"Mama yangu hamwagi kitu mferejini," Nili akasema. "Anamwaga kwenye shimo la mchanga na makaa, nyuma ya banda."

"Shimo! Samaki nao walijiua wenyewe, eti? Walichoka maisha?"

Wakacheka. Nili akarudi nyumbani na ndoo tupu. Mama yake alikuwa ameshasikia yote. Alikuwa akikung'uta kitambaa kwa nguvu kuliko kilivyohitaji.

"Ukungu ulimfichia vidole vyake," mama akasema, "lakini ndoo yangu aliiona, na rangi yake aliijua. Macho ya ajabu hayo."

Alhamisi mchana, watoto walipotoka shule, afisa wa afya akafika bandani. Watu walimwita Bwana Afya. Alikuja na mwalimu wa jiografia, na nyuma yao robo ya mtaa, Mama Dirisha akiwa mstari wa mbele na kanga ameifunga kiunoni kama anayekwenda kupigana. Bwana Afya alikuwa ameshika daftari ambalo Nili alilifahamu vizuri, la jalada la kijani.

Daftari lile lilikuwa la shule. Nili ndiye aliyechaguliwa kupima joto la bahari. Kila asubuhi alipaswa kushuka ngazi za gati, kutumbukiza kopo kwa kamba, kulivuta, kuweka kipimajoto ndani, kisha kuandika namba. Kwa mwezi mzima bahari ilikuwa nyuzi ishirini na saba. Leo ishirini na saba, kesho ishirini na saba, kama saa iliyosimama. Ngazi zilikuwa na utelezi, na asubuhi za juma hilo zilikuwa na baridi isiyo ya kawaida. Basi Jumatatu Nili akajifunika shuka, akaandika ishirini na saba akiwa kitandani. Jumanne pia. Jumatano pia, kabla ya mwalimu kulichukua daftari. Nani angejua? Bahari haina mdomo.

"Samaki hufa kwa sumu," Bwana Afya akasema, "au hufa maji yakibadilika ghafla. Nimeangalia daftari la shule. Maji hayakubadilika hata kidogo. Inabaki sumu. Kesho adhuhuri nitalifunga banda hili."

"Lifunge leo!" akapaza Mama Dirisha. "Kesho tutakuwa tumekufa sote!"

Mama yake Nili alimpa mgongo. Alimgeukia Bwana Afya. "Banda hili ndilo linalotulisha, mimi na mwanangu. Lakini namba hizo alizipima yeye mwenyewe, na mwanangu hasemi uongo. Kama zinasema hivyo, zinasema kweli. Basi tafuteni sababu nyingine, mimi sijamwaga kitu."

Maneno hayo yalimchoma Nili kuliko matusi yote ya bombani.

Watu walipoondoka, alitoka mbio hadi kiwanda cha barafu kando ya gati. Aliwahi kusikia kwamba mitambo ya pale inavuta maji ya bahari ili ijipoze. Pengine kulikuwa na njia ya kumwokoa mama bila yeye kujitia aibuni.

Fundi wa barafu alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye koti zito hata mchana wa jua.

"Shikamoo, fundi. Unaandika joto la maji yanayoingia?"

"Marahaba. Naandika kila asubuhi. Nisipoandika, mtambo ukiungua nitasema nini?" Akafungua daftari lililojaa madoa ya mafuta. "Jumapili ishirini na saba. Jumatatu ishirini na nne. Jumanne ishirini na moja. Jumatano kumi na nane. Juma hili bahari imenipozea mitambo kama mke mwenza aliyepatana na mwenzake. Kwa nini unauliza?"

Nili akamweleza, isipokuwa lile la kitandani. Fundi akalifunga daftari lake.

"La kwenu linasema ishirini na saba, langu linasema kumi na nane. Bahari ni moja, binti. Mmoja wetu ni mwongo, na mimi najijua."

Nili akainamisha kichwa.

"Nitakuja kesho na daftari langu," fundi akasema. "Lakini siji kugombana na daftari la shule. Anza wewe kusema. Usiposema, nitageuza na kwenda zangu."

Usiku ule Nili alimweleza mama yake. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema neno moja tu: "Kesho." Kisha akaupa ukuta uso wake.

Ijumaa ua ulijaa. Bwana Afya alikuwa na karatasi yake ya kulifunga banda, na gundi. Nili akasimama juu ya beseni lililopinduliwa.

"Namba za Jumatatu, Jumanne na Jumatano ni za uongo. Sikushuka gatini. Niliziandika kitandani."

Ua ukalipuka. "Mtoto wa nyoka ni nyoka!" akapiga kelele Mama Dirisha. "Mama anatilia sumu, binti anafunika! Wamepanga!"

"Angekuwa amepanga," fundi wa barafu akasema akipenya katikati ya watu, "angenyamaza." Akaliweka daftari lake la mafuta mikononi mwa Bwana Afya.

Bwana Afya akasoma, akasoma tena. "Kumi na nane? Bahari ya joto, ipoe hivi kwa siku tatu? Kivipi?"

Mwalimu wa jiografia hakujibu kwa mdomo. Aliwaagiza wanafunzi wawili walete tangi la kioo la darasani, akalijaza maji ya vuguvugu. Akatoboa kopo, akaliegemeza kwenye pembe moja ya tangi, na ndani yake akaweka barafu ya fundi. Kisha akamgeukia mama yake Nili. "Dada, nipe rangi yako kidogo."

Watu wakaguna, lakini macho yao hayakubanduka. Rangi ikaingia kwenye barafu. Nyuzi nyembamba za buluu zikatoka koponi, zikazama hadi chini, zikatambaa sakafuni mwa tangi kama nyoka. Juu, maji yalibaki meupe.

"Maji baridi ni mazito, huzama," mwalimu akasema. "Huko mbali kwenye nchi za barafu, bahari hufanya hivi hivi. Maji baridi yenye chumvi nyingi huzama na kutembea chini polepole, kwa miaka na miaka. Juu, upepo husukuma maji ya joto kama mito mikubwa isiyo na kingo. Hiyo ndiyo mikondo ya bahari. Mkondo wa joto ukipita karibu na nchi, hewa hupata joto na unyevu, mvua hunyesha. Mkondo wa baridi ukipita, nchi hukauka na pwani hujaa ukungu."

"Ukungu," mtu mmoja akarudia kutoka nyuma, akamtazama Mama Dirisha.

Mwalimu akainama, akaupuliza uso wa maji kwa pumzi ndefu kutoka ukingoni. Maji meupe yakasukumwa upande wa pili, na pale ukingoni buluu ikapanda juu.

"Juma hili upepo umesukuma maji ya joto mbali na ufukwe wetu. Maji ya chini yakapanda. Ni baridi, na hewa yake ni kidogo. Samaki waliozoea joto hawakustahimili."

Bwana Afya alikwenda nyuma ya banda, akalichungulia shimo, akachota tope la mferejini. Halikuwa na buluu. Akaikunja karatasi yake na kuitia mfukoni.

Watu walianza kutawanyika bila kuagana. Mwalimu alimshika Nili bega, na mkono wake haukuwa mwepesi.

"Mama Dirisha alisema alichokidhania kana kwamba amekiona. Wewe uliandika usichokipima. Tofauti iko wapi? Namba ni shahidi, Nili. Ukiitunga, siku mwenzako atakapomhitaji shahidi huyo, utakuwa umeshamhonga aseme uongo. Leo aliyemhitaji alikuwa mama yako. Kesho alfajiri tutashuka gatini pamoja, na utapima mbele yangu, mpaka nitakapokuamini tena."

Jumamosi Nili alirudi kutoka gatini na mikono imelowa hadi viwikoni. Nyuzi kumi na tisa. Ukungu ulikuwa bado haujainuka. Alimkuta mama yake nje na ndoo ya maji ya buluu, akielekea shimoni. Chini ya dirisha la jirani mama alisimama, akaitua ndoo.

Mama Dirisha alikuwepo, kama kawaida.

"Jirani," mama akasema, bila kupaza sauti, "yale maneno uliyapeleka nyumba kwa nyumba. Nakuomba uyafuate huko huko, nyumba kwa nyumba, ukayarudishe."

Mama Dirisha aliitazama ndoo, akamtazama Nili, akautazama ukungu. Kisha mkono ukatoka, ukalivuta dirisha, na komeo likalia.

Mama yake Nili hakuinua ndoo. Alisimama pale pale, akingoja.