Jibini ya Wiki ya Homa

Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya soko la Masisi Umulisa alipoonja jibini ya Viateur, kitenge chake cha manjano kikipepea kati ya magunia ya maharage.

“Kaka, hii fromaji iko na chumvi mingi.”

“Dada, mimi niko na miaka tisa mu hii kazi!”

“Basi chumvi njo iko na miaka tisa.”

Viateur alicheka hadi akawasahau wateja wengine.

Mwezi uliofuata Umulisa, akiwa na diplome mpya ya kutengeneza jibini mkononi, aliajiriwa katika kiwanda cha jibini alichofanyia kazi Viateur. Walipendana kama maziwa yanavyoganda: polepole, kimya, bila kurudi nyuma.

Kisha Papa Kanyamibwa, shefu wa kiwanda, akatangaza kustaafu. Tangu zamani, kiti kilikuwa cha mwenye miaka mingi. Safari hii kamati ya kiwanda ilionja jibini kwanza, alama za watengenezaji zikiwa zimefunikwa. Jibini iliyoshinda ilipofunuliwa, ilikuwa na alama ya Viateur.

“Miaka na ufundi vimekutana!” walishangilia.

Umulisa alipiga makofi, akatoka bila kuaga. Siku tatu simu yake iliita bure.

Siku ya nne Viateur aliigeuza jibini ile, akasoma tarehe yake. Kiwandani, alama ilikuwa ya mkubwa wa zamu, yaani yeye, hata kama mikono iliyofanya kazi ilikuwa ya mwingine. Akapiga tena. Safari hii Umulisa aliitika.

“Mupenzi, ile wiki mimi nilikuwa wapi?”

“Kwenu kule Kingi, na homa. Nilikuleteaka supu.”

“Juu ya nini haukusema?”

“Nilingoja wewe useme.”

Asubuhi iliyofuata, mbele ya kamati, Viateur aliuweka mezani ufunguo wa ghala aliokabidhiwa kama shefu mpya.

“Ile fromaji ni Umulisa njo aliitengeneza. Mimi nilikuwa mu kitanda.”

“Mutoto wangu,” Papa Kanyamibwa alishangaa, “miaka tisa unaitupa?”

“Hapana, Papa. Njo ile imenifundisha kujua fromaji muzuri.”

Mzee akausukuma ufunguo kuelekea kwa Umulisa.

Nje, ng’ombe walielea ndani ya ukungu kama ndoto juu ya vilima vya kijani. Viateur alimsogelea Umulisa.

“Shefu, muntu anaweza kuomba mukubwa wake ndoa?”

Umulisa aliubana ufunguo kifuani, macho yakimeta.

“Aandike barua,” alisema. “Lakini chumvi isizidi.”