Zima Mbili

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Ralitsa alikunja shuka zake, akaficha mto kabatini, kisha akakirudisha kitanda kuwa kochi. Alikuwa na miaka kumi na miwili na alilala sebuleni. Chumba chake kilikuwa na mwenyewe mpya. Huyo alikuwa Bibi Tsonka, mama wa baba yake, aliyeletwa mjini kutoka kijijini baada ya kuteleza kwenye ngazi na kuumia nyonga.

"Kochi limekulaza au limekutema?" Bibi alimwuliza kila alipopita na fimbo yake kwenda kunywa chai.

Ralitsa hakucheka.

Watu wa Gabrovo, mji wa Bulgaria walikoishi, wanajulikana kwa kubana matumizi, na Yavor, baba yake Ralitsa, hakutaka kuuaibisha mji wake. Alikuwa amenunua ekstensheni ya soketi nne inayoungwa na kompyuta kwa waya. Ekstensheni ilikaa chumbani kwa Bibi. Waya ulipita chini ya mlango hadi kwenye kompyuta kuukuu ya ukumbini. Hakukuwa na kitufe cha kubonyeza. Ulifungua dirisha jeusi kwenye skrini, ukaandika amri, na soketi ikatii. "Zima moja", hita ya kupasha chumba joto inalala. "Washa tatu", taa ya mezani inaamka. Redio ilikuwa ya pili. Soketi ya nne ilikuwa tupu.

"Marehemu baba yako alikuwa akisimamisha saa usiku ili vyuma visilike," Bibi alimwambia Yavor. "Wewe umeajiri kompyuta. Ajabu haijagoma!"

Wote walicheka. Katika nyumba kama hiyo, kitu kikizimika hakuna anayeshangaa.

Mambo yaliharibika siku Vihra, rafiki yake Ralitsa, alipokuja na kuona mto umechungulia kabatini.

"Kumbe wewe ndiye mgeni hapa!" Vihra alisema. "Ukiota vibaya si utaangukia kwenye supu ya watu?"

Alipoondoka, Ralitsa alibaki na uso unaowaka. Nyuma ya ukuta, redio ya Bibi ilikuwa ikiimba nyimbo za harusi za kijijini, kwa sauti ya juu. Ralitsa alikwenda kwenye kompyuta akaandika: zima 2.

Kimya.

"Ralitsa! Redio imekata roho!"

Akaandika washa 2, ndipo akafungua mlango. "Mbona inaimba, Bibi?"

"Ilikuwa imezimika sasa hivi."

"Labda umeizima mwenyewe ukasahau."

Maneno hayo yalimtoka tu, hakuyapanga. Lakini aliyaona yakimwingia yule mzee kama sindano kwenye kitambaa. Bibi alitazama vidole vyake, mmoja baada ya mwingine, kama anayetafuta mhalifu.

Ralitsa angeweza kuishia hapo. Hakuishia. Alizima taa Bibi alipokuwa akitunga uzi kwenye sindano. Alizima redio katikati ya taarifa ya habari. Kila mara aliwasha upesi, akaingia na uso wa huruma. "Umesahau tena, Bibi. Si neno." Baada ya muda Bibi aliacha kuita. Alianza kujipima akili kwa hesabu za kuzidisha, akinong'ona peke yake karibu na dirisha: "Saba mara sita, arobaini na mbili. Saba mara saba, arobaini na tisa."

Vihra alialikwa kuja kusikiliza. Walijibana ukumbini, viganja midomoni.

"Ngoja afike saba mara nane," Vihra alinong'ona, "halafu mzimie taa!"

Taa ikazimika. Ndani, sauti ikakwama. Kisha ikaanza upya, taratibu, toka saba mara moja. Vihra alicheka hadi akakaa chini. Ralitsa naye alicheka.

Jioni moja aliwasikia wazazi wake jikoni.

"Mama anachanganyikiwa," baba alisema. "Anashikashika swichi kama kipofu. Kuna nyumba ya kutunzia wazee kule bondeni. Nimewapigia simu."

"Sikukuu zipite kwanza," mama yake, Milka, alijibu. "Usimtoe mtu nyumbani wakati wa sikukuu."

Ralitsa alirudi kochini akaanza kufikiri meza yake ataiweka ukuta gani.

Mwezi wa kwanza ulikuja na baridi ya kupasua mawe. Siku moja wazazi wakiwa kazini, Bibi alitaka redio ikae karibu na kitanda. Waya wake haukufika. Basi akainama kwa shida, akachomoa plagi mbili na kuzibadilisha: redio akaichomeka kwenye soketi ya kwanza, hita akaichomeka kwenye ya pili. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Alikuwa amechoka kuambiwa amesahau.

Ralitsa alikuwa anatoka kwenda kuteleza kwenye theluji na Vihra. Akiwa tayari amevaa buti, aliinama kwenye kompyuta, akaandika zima 2, akabamiza mlango. Safari hii hakungoja kuwasha.

Aliporudi jua lilikuwa linazama. Redio ilikuwa inaimba. Ralitsa alisimama mlangoni na buti zake zenye theluji. Alikuwa ameizima kwa mkono wake mwenyewe. Mbona inaimba?

Alifungua chumba. Hewa ya ndani ilimuuma puani kama ya nje. Kioo cha dirisha kilikuwa kimeganda kwa ndani. Bibi alikuwa kitandani amevaa koti, na midomo yake ilikuwa na rangi ya ganda la zambarau.

"Bibi! Hita imezimika! Mbona hukupiga simu?"

Bibi alijibu polepole, ulimi mzito. "Nilidhani ni mimi tena. Nikajiambia, Tsonka, hamna baridi. Ni kichwa chako. Lala."

Ralitsa alipigia simu hospitali, kisha wazazi wake. Alimfunika Bibi kwa kila blanketi lililokuwamo nyumbani. Daktari alifika na gari la wagonjwa, na wazazi nyuma yake. Walimpasha Bibi joto kidogo kidogo, wakamnywesha chai ya maua yenye asali, na hatimaye midomo ikarudi rangi yake.

"Mngechelewa kidogo tu, mngeniita kwa kazi nyingine," daktari alisema. "Nani alizima hita?"

"Mwenyewe," baba alijibu, akifuta macho. "Hakukuwa na mtu mwingine. Basi, yamefika mwisho. Jumatatu tunampeleka."

Ralitsa alisimama kando ya kabati, akitazama plagi ya hita iliyokuwa kwenye soketi ya pili. Alichohitaji ni kunyamaza tu. Chumba kilikuwa chake.

Bibi alimwita kwa kidole. "Njoo, mjukuu wangu. Chumba chako hiki hapa. Lile dirisha lina upenyo pale chini. Ziba na tambara, usije ukapata kikohozi."

"Ni mimi," Ralitsa alisema.

"Ni wewe nini?" baba aliuliza.

Alishindwa kueleza. Akaenda ukumbini, na baba akamfuata. Akaandika washa 2. Chumbani, hita ikaanza kunguruma. Akaandika zima 2. Ikanyamaza.

"Na redio?" baba aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mimi."

"Na taa?"

"Mimi. Yote ni mimi, baba. Nilitaka chumba."

Baba aliinua mkono, kisha akaushusha na kuung'oa ule waya kwa nguvu hata kompyuta ikaanguka. Mama yake hakupiga kelele. Alimshika bega akamsukuma hadi mbele ya kitanda.

"Mwambie yeye. Si sisi tulioganda."

Ralitsa alimwambia Bibi yote, hata kicheko cha Vihra, hata lile la saba mara nane. Bibi alisikiliza macho yakiwa darini.

"Saba mara nane ni ngapi?" aliuliza mwishoni.

"Hamsini na sita."

"Basi nilikuwa sahihi siku zote," Bibi alisema, akageukia ukutani.

Hakuna aliyepelekwa bondeni. Baba aliwapigia simu akawaambia wasimngoje. Ralitsa alizunguka na Bibi kwa majirani waliokuwa wamesikia kwamba amechanganyikiwa, nyumba hadi nyumba, akasema kwa mdomo wake kwamba mzee hana ugonjwa wowote wa akili. Kila asubuhi alimpelekea chai. Bibi alipokea, akasema asante. Lakini hakumwuliza tena kama kochi limemtema, na Ralitsa aliutamani utani ule kuliko alivyowahi kukitamani chumba.

Jioni moja ya theluji nzito, nyumba nzima iliingia giza ghafla.

"Ralitsa," sauti ya Bibi iliita. "Ni wewe, au ni mimi?"

"Si mimi wala si wewe, Bibi. Umeme umekatika mtaa mzima."

Fimbo iligonga sakafu, moja, mbili, hadi dirishani. Bibi alikwenda kuhakikisha mwenyewe.

Ralitsa aliingia jikoni akilia. "Nimemwambia kweli, mama! Bado haniamini!"

"Kwa nini akuamini?" mama alisema, akitafuta kiberiti. "Taa unaizima kwa neno moja na kuiwasha kwa neno moja. Mtu ukimfanya asiamini macho yake, hakuna amri ya kuandika imani yake ikarudi. Utamwambia kweli leo, utamwambia kesho, naye ataangalia dirishani. Mwache aangalie. Wewe endelea kusema kweli. Haya, futa kamasi, mpelekee mshumaa."

Ralitsa alibisha hodi kwanza.

"Bibi, nawasha mshumaa. Naushika mimi. Unauona?"

Bibi aliutazama ule mwali kwa muda mrefu, kisha akautazama uso ulioko nyuma yake.

"Nauona," alisema. "Nauona mwenyewe."